Mbele Yangu

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho. Ofisini, mtaani, hata kwa muuza mkaa, alikuwa Bi Pasi. Kwanza kwa sababu hapoi, pili kwa sababu hawezi kuona kitu kimejikunja akakiacha. Mtu akiruka foleni, Bi Pasi anamrudisha nyuma. Fundi akimshonea mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, nguo inarudi siku hiyo hiyo na maneno yake juu. Waliompenda walisema ana msimamo. Waliomjua vizuri zaidi walisema ana hasira, na hawakukosea.

Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili mmoja, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabomba na masinki. Wakili huyo alikuwa pia notari wa umma, yaani mtu aliyepewa mamlaka na serikali ya kushuhudia watu wakila kiapo na kutia saini, kisha akagonga muhuri kwamba ndiyo, mtu huyu nimemwona kwa macho yangu. Kazi yenyewe ni hiyo tu, kuona. Lakini wakili alikuwa mtu wa safari na mikutano, muda wa kuona watu autoe wapi? Kila Ijumaa alasiri alikaa na bunda la karatasi, zote tupu isipokuwa chini, palipoandikwa "Ameapa mbele yangu". Akawa anazigonga muhuri na kuzitia saini moja baada ya nyingine, simu ameibana kati ya sikio na bega. Wino ukikauka anazitia kwenye droo. Droo hiyo waliiita akiba. Mteja akija na wakili hayupo, Bi Pasi anachomoa karatasi ya akiba, anachapa kiapo hapo juu, mteja anatia saini, kwaheri. Ameapa mbele ya nani? Mbele ya kabati la mafaili.

Bi Pasi alikuwa akizichapa karatasi hizo ameuma meno, maana nyumba ya mama yake ilikwenda kwa karatasi kama hiyo. Baba alipofariki, baba mdogo alijitokeza na hati inayosema kwamba mjane alifika mwenyewe kwa notari, akaelezwa, akaelewa, akaweka dole gumba kumwachia shemeji yake nyumba. Tarehe iliyoandikwa pale mama alikuwa hospitali, mguu umevunjika na umetundikwa kwa kamba, hata chooni haendi. Dole lile ni la nani, mpaka leo hakuna anayejua. Notari mwenyewe alishakufa, hata wa kumzomea hayupo. Mama sasa anaishi na binti yake katika vyumba viwili vya kupanga, na kila akisikia neno muhuri anauliza swali lile lile: "Hivi mimi nilikwenda huko lini?"

Mwanasheria wa msaada wa bure aliwaambia kesi inaweza kufunguliwa. Kumbukumbu za hospitali zipo. Kilichobaki ni mama mwenyewe aende kwa notari, ale kiapo kwamba siku ile alikuwa kitandani. Mama akasema ng'o.

"Siendi tena kwa watu wa mihuri," alisema. "Kama waliniona siku ambayo sikwenda, siku nikienda si ndiyo wataona hata nisiyoyafanya?"

Bi Pasi akambembeleza, akamnunia, akagombana naye mpaka jirani akagonga ukuta. Mwisho mama akatoa sharti lake. "Utafute wewe huo muhuri. Nitaapa mbele ya mwanangu, si mbele ya mtu mwingine."

Sasa, zamani hilo lingekuwa jambo la kuchekesha, mpiga chapa awe notari. Lakini sheria ilikuwa imelegezwa. Si lazima uwe wakili. Uwe mtu mzima, usiwe na kesi ya uhalifu, uwe umefanya kazi ya sheria kwa muda, usome darasa la jioni, ufaulu mtihani, upate watu wawili wa kukudhamini kwa tabia, kisha ukae mbele ya kamati wakuulize wanachotaka. Bi Pasi akajiandikisha. Wenzake darasani walikuwa wanasinzia, yeye anaandika kama mtu anayegombana na daftari.

Jioni moja mwalimu aliuliza: mama yako mzazi akija na kitambulisho chake na akili zake timamu, anataka kula kiapo mbele yako, utafanyaje? Darasa likacheka, likasema huyo tutamhudumia kabla ya wote. Mwalimu akatikisa kichwa. Notari haruhusiwi kumshuhudia mzazi wake, mtoto wake, mume, mke wala ndugu wa damu. Akigonga muhuri hapo, karatasi hiyo ni ya kufungia maandazi.

Kalamu ya Bi Pasi ilisimama. Aliikasirikia sheria, akamkasirikia mwalimu, na wakati wa kutoka akaukasirikia mlango kwa kufunguka upande wa ndani. Nyumbani mama alikuwa anamsubiri na chakula amekifunika.

"Leo wamewafundisha nini?"

"Mambo ya tarehe," Bi Pasi akasema, akala bila kumtazama.

Mwingine angeacha hapo hapo. Bi Pasi hakuacha, na si kwa sababu alikuwa na mpango. Alijiambia mama atalegea akiona mtoto wake ameshaupata muhuri, na akilegea atakubali kwenda kokote. Lakini ukweli ni kwamba hasira zake zilikuwa zimeshapata kazi ya kufanya. Alitaka katika mji ule iwepo meza moja, hata moja tu, ambayo aliyekaa nyuma yake anainua macho.

Mtihani alifaulu. Polisi walimpaka wino vidole vyote, wakampa cheti kwamba hana rekodi mbaya. Wakili akakubali kuwa mdhamini wake wa kwanza, kwa kicheko. "Wewe tena, Bi Pasi? Haya, tutagonga wote." Kilichobaki kilikuwa hati ya kiapo ya mwombaji mwenyewe, kwamba yote aliyoyaandika ni kweli, na kiapo hicho sharti kiliwe mbele ya notari. Wakili akawa anampiga chenga. Leo ana mgeni, kesho ana mahakama. Mpaka ikafika siku ya mwisho ya kupeleka maombi, na wakili anatoka mlangoni na begi la safari, simu sikioni.

"Bosi, nataka kuapa."

"Chukua kwenye akiba."

"Hii ni ya kwangu mwenyewe, bosi. Nataka nisimame mbele yako."

Wakili aliiambia simu, "Subiri kidogo, hapa kuna mtu anataka kusimama mbele yangu." Akacheka, na mtu wa upande wa pili akasikika naye akicheka. Viatu vyake vikashuka ngazi.

Bi Pasi alikaa akiitazama droo kwa muda mrefu. Notari mwingine wa karibu alikuwa upande wa pili wa mji, na dirisha la kupokea maombi lilikuwa linafungwa alasiri ile ile. Akikosa, ni mpaka mwakani. Akafungua droo, akachomoa karatasi, akachapa kiapo chake juu ya saini ya mtu ambaye hakumtazama hata usoni. Alipomaliza aliifunga droo kwa goti kwa nguvu, ikamuumiza, akafurahi kwamba imemuumiza.

Siku ya kamati alivaa koti la kuazima. Walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mkavu, mwenye kalamu nyekundu na sauti ya chini. Maswali yalikwenda vizuri. Mwenyekiti akamuuliza, kosa gani la notari ni kubwa kuliko yote?

"Kumshuhudia mtu ambaye hayupo."

"Kwa nini?"

Basi hapo walikuwa wamefungua bomba. Bi Pasi aliwaeleza habari za nyumba, za mguu uliotundikwa kwa kamba, za dole lisilo na mwenyewe. Alisema mtu anaweza kuwa amelala hospitali na huku nje mkono wake unatembea, unauza, unagawa, kwa sababu tu kuna bwana mmoja ameona uvivu kuinua kichwa. Hakutukana, ingawa ilimbidi ameze mara mbili. Wajumbe waliacha kuandika wakawa wanamsikiliza. Mmoja alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko. Bi Pasi aliona wazi kwamba muhuri ameshaupata.

"La mwisho," mwenyekiti akasema, akivuta faili. "Hili tunamuuliza kila mtu. Kiapo chako hiki, uliapa mbele ya notari mwenyewe?"

Swali la kawaida kabisa. Waombaji wote waliotangulia walijibu ndiyo, na watakaofuata watajibu ndiyo, na hakuna mtu angekwenda kuchunguza. Ndiyo ni neno fupi. Bi Pasi alifungua mdomo alitoe, likakwama. Alikuwa ametoka kusema maneno yale yote, bado yako hewani, yanamtazama.

"Hapana," akasema.

Kalamu nyekundu ikasimama. "Unasemaje?"

"Sikuapa mbele ya mtu. Karatasi ilikuwa kwenye droo, imeshagongwa muhuri. Yeye alikuwa anashuka ngazi na simu yake."

"Unajua unachokisema?"

"Ninajua, na nina hasira nacho."

"Hasira na nani?"

"Na yeye. Halafu na mimi. Na mimi zaidi, kwa sababu yeye hajapoteza nyumba."

Mwenyekiti hakumsifu, na hakumkemea pia. Alifunga faili akamwambia kwamba maombi yasiyo na kiapo halali si maombi, kwa hiyo hayapo, na kwamba wakili huyo ataitwa. Kama bado anataka, aje mwakani na karatasi safi. Bi Pasi aliinuka na koti lake la kuazima, na kwenye korido akaupiga ukuta ngumi moja. Askari wa mlangoni alijifanya hajaona.

Nyumbani ndiko kulikomuuma zaidi. Alitegemea mama angalau atamwelewa.

"Ungesema ndiyo tu," mama akasema. "Neno moja, we mtoto. Mwaka mzima tena mimi nikae hapa nahesabu mabati ya watu?"

"Neno moja ndilo walilokusemea wewe, mama."

Mama akageukia ukutani. Hawakusemeshana kwa siku kadhaa. Walipeana chumvi kwa kusukumiana kikopo juu ya meza.

Na wakili naye akarudi safari. Barua ya kumwita ilikuwa imeshamfikia, na muhuri wake ulikuwa umezuiwa mpaka uchunguzi uishe. Alimkuta Bi Pasi kwenye mashine yake. Hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa karibu, akaongea kama mtu aliyeumizwa, na hilo ndilo lililomchefua Bi Pasi kuliko matusi.

"Nimekukosea nini mimi? Nimekupa kazi, nimekudhamini. Mji mzima unafanya hivyo, Bi Pasi. Mimi sijawahi kumwibia mtu hata siku moja."

"Utajuaje, na wewe hujawahi kumwona mtu?"

Ikawa ndiyo siku yake ya mwisho pale. Alichukua kikombe chake na mto wa kiti aliouleta mwenyewe, akashuka ngazi. Amemwaga unga, muhuri hana, mama amenuna. Mtu mwenye hasira ndogo angelia. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye duka la fotokopi la kona ile, akamwambia mwenye duka kwamba kijimeza kile cha pembeni kinakaa bure, na kuanzia kesho atakuwa anachapia watu barua na maombi hapo. Mwenye duka alitaka kubisha, akamtazama usoni, akaondoa maboksi.

Mwaka ukazunguka. Alichapa, akajibishana na wateja, akapata mdhamini mwingine. Safari hii kwa ajili ya kiapo alikwenda mapema, kwa notari aliyesikia akilalamikiwa na watu wote, mama mmoja mnene aliyekuwa juu kabisa katika jengo ambalo lifti yake ilishakufa. Walimwita Bibi wa Juu. Walisema anasumbua. Miwani yake ameifunga kwa uzi, na akivuta pumzi unasikia.

"Kitambulisho," Bibi wa Juu akasema. Akakigeuza, akakisogeza kwenye dirisha. "Kimekwisha muda wiki iliyopita."

"Wiki moja tu, bibi. Uso si huu huu?"

"Uso ni huu. Kitambulisho kimekwisha. Kakibadilishe."

Bi Pasi alishuka ngazi zile zote akifoka peke yake, mpaka mfagiaji akampisha. Alipofika chini akasimama kwenye mlango wa barabarani na kugundua kwamba hafoki tena. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mtu wa muhuri alikuwa amemkatalia. Akakaa kwenye ngazi ya mwisho akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaenda kupanga foleni ya vitambulisho.

Aliporudi, Bibi wa Juu alimsimamisha wima, akamtaka ainue mkono, akamsomesha kila mstari kwa sauti. Katikati simu ikaita. Bibi wa Juu aliichukua, akaitia ndani ya droo, akaifunga. "Endelea," akasema.

Kamati ikampitisha. Kalamu ile nyekundu iliandika kitu kifupi na mwenyekiti akasema, "Nakukumbuka," basi. Akaapa mbele ya jaji, akapewa hati ya uteuzi, akaenda kwa mchonga mihuri, akasimama pale pale kuhakikisha herufi ziko sawa. Muhuri ulikuwa na kosa moja. Mchongaji alisema halionekani, na nadhani mnaweza kukisia aliambiwa nini. Muhuri ukachongwa upya.

Asubuhi ya kwanza, kabla hata mashine ya fotokopi haijapata moto, mama aliingia. Amevaa nguo yake ya kutokea, amejipaka mafuta usoni, mkononi mfuko wenye kitambulisho, vyeti vya hospitali na kiapo alichoandaliwa na yule mwanasheria. Bi Pasi alikuwa amejiapia mara nyingi kwamba atamwambia kesho, na kila kesho ilipofika aliisogeza mbele. Sasa hakukuwa na pa kuisogeza.

"Haya, notari," mama akasema, akakaa. "Niapishe."

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini?"

"Wewe ni mzazi wangu. Sheria hairuhusu. Nikigonga muhuri hapa, wakili wa baba mdogo ataichana mbele ya hakimu, na nyumba itakwenda mara ya pili, kwa mkono wangu."

Mama aliutazama muhuri juu ya meza, mpya, mpini wake unang'aa.

"Umelijua hili lini?"

"Tangu darasani."

"Ile siku ya mambo ya tarehe."

Mama akainuka, na sasa ikaonekana binti alizitoa wapi hasira zake. "Yule wa kwanza aliniona nisipokuwepo," akasema. "Wewe nimekuja kwa miguu yangu, niko hapa, hunioni. Mna wazimu gani nyinyi watu?"

Mteja aliyekuwa anaingia aligeuka akatoka. Bi Pasi aliutia muhuri kwenye droo akaifunga kwa ufunguo.

"Yupo mmoja," akasema mwishoni. "Alinikatalia kwa sababu kitambulisho kilikuwa kimekwisha muda kwa wiki moja."

"Alikukatalia wewe?"

"Alinishusha ngazi zote zile."

"Na ukashuka?"

"Nikashuka, mama."

Mama alifikiri. Akafunga mfuko wake, akarekebisha kilemba. "Twende nikamtazame huyo."

Walipanda polepole kwa sababu ya mguu, wakipumzika kila ghorofa, mama akilaani lifti na Bi Pasi akimlaani aliyeiacha ife. Juu kabisa, Bibi wa Juu aliwatazama wote wawili akauliza, huyu ni nani wako? Mama yangu. Basi wewe kaa nje. Bi Pasi alitaka kubisha, mdomo ukafunguka kabisa, akaufumba. Akakaa kwenye benchi la korido, mfuko mtupu wa mama mapajani, mlango umeachwa wazi kidogo.

Alisikia kitambulisho kikigeuzwa. Alisikia mama akiambiwa avue kilemba kidogo uso uonekane, akategemea vita, lakini mama alivua.

"Niangalie vizuri," mama akasema. "Nisije nikaambiwa tena kwamba nilikuja siku nyingine."

"Nakuangalia. Sogea kwenye mwanga."

Kiti kikakwaruza sakafu. Halafu Bibi wa Juu akaanza kumsomea, mstari mmoja mmoja, akimuuliza kila mahali kama ndivyo, na mama akijibu ndivyo, ndivyo, mguu huu hapa, ndivyo. Wakafika chini. Dole likawekwa kwenye wino.

"'Ameapa mbele yangu,'" Bibi wa Juu akasoma.

"Rudia hapo," mama akasema.

Bi Pasi, nje, aliubana ule mfuko kwa mikono miwili. Bibi wa Juu akavuta pumzi yake nzito, akarudia.